Kumrudisha Baba Nyumbani

Mjini Goma mtu haulizwi kwanza jina lake. Huulizwa, “Uko mutoto wa nani?” Utalisikia swali hilo dukani Birere, kwenye foleni ya maji Katindo, hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Si swali baya. Mji huu umejazwa na watu waliotoka Masisi, Rutshuru, Walikale na Lubero, wengi wao wakikimbia, na aliyefika jana hana kitambulisho kinachoaminika kuliko jina la mzazi wake. Watu wa Nazareti nao walikuwa na desturi hiyo. Walimjua Yesu kuwa mwana wa seremala, na kwa kuwa waliona wamekwisha kumjua, hawakuwa tena na haja ya kumsikiliza.

Sisi tunaoandika ni ndugu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Swali hilo tumelijibu maisha yetu yote kwa jina lisilo la ukoo wala la ubatizo. Ni jina la utani ambalo mashabiki walimpa baba yetu alipokuwa winga wa kushoto katika timu moja ya mji huu, miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakupata kuvaa jezi ya taifa. Umaarufu wake unaishia Grande Barrière: ukivuka mpaka kwa miguu na kuingia Gisenyi, ni mzee kama wazee wengine. Lakini upande wetu wa mpaka, watu wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea bado husimama wakimwona akipita.

Jina hilo limetupatia mengi. Limetupatia sukari ya mkopo, limetupandisha pikipiki bila kulipa, limetutanguliza mbele ya wengine penye foleni, jambo ambalo mama yetu hakulipenda hata kidogo. Lilichoshindwa kutupatia ni karo ya shule. Watu hawakuliamini hilo. Waliona kwamba mtu aliyeshangiliwa na uwanja mzima lazima awe ameficha fedha mahali fulani, na mara tulipofukuzwa darasani kwa kukosa karo, baadhi ya wenzetu walidhani ni ubahili wa mzee.

Dhana hiyo imewaumiza wakubwa kuliko sisi. Pierre Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1974 huko Misri, na hadi leo hakuna aliyefunga mengi kuliko hayo katika mashindano moja. Miaka ishirini baadaye alipigwa risasi mguuni na watu waliodhani kwamba nyota wa zamani hawezi kukosa mali. Aliikimbia nchi, akaishi Afrika ya Kusini kama mkimbizi, na huko huko akafariki mwezi Januari 2019. Tunapomfikiria tunafikiria pia nyumba yake, na kila mtoto ambaye mlango wa kwao uliwahi kugongwa na mtu aliyetafuta utajiri usiokuwapo. Umati humpa mchezaji sura, kisha huja nyumbani kuidai.

Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kuwaeleza, ndugu vijana, kwa kuwa viongozi wenu walituomba tuliandike. Wengi husema kwamba mtoto wa mtu mashuhuri lazima atoke katika kivuli cha mzazi wake ndipo apate kuwa mtu. Sisi tunaona kuna kazi inayotangulia hiyo, na ni ngumu zaidi. Baba wa namna hiyo huwa amechukuliwa na umati. Watu wana baba yako ambaye wewe humjui. Wageni walitusimulia goli alilofunga moja kwa moja kutoka kona. Mmoja alisema siku hiyo mvua ilinyesha, mwingine alisema jua lilikuwa kali na winga alicheza bila viatu. Tulipomwuliza mwenyewe alicheka akasema mpira ulimgonga beki ukaingia. Kwa miaka mingi hatukumwamini. Tuliwaamini wageni.

Watoto wa wanamichezo wakubwa zaidi wamepita njia hiyo hiyo, na wako walioisimulia wazi. Wa kwanza ni wa damu yetu. Roger Lukaku alichezea Zaire, akawa katika kikosi cha taifa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1994 na la 1996, na aliishi kwa kucheza mpira Ubelgiji. Mwanawe Romelu alizaliwa Antwerp mwezi Mei 1993. Kijana wa Kinshasa akisikia hayo atasema mtoto huyo alizaliwa kwenye kochi laini. Mwezi Juni 2018, wakati Kombe la Dunia likichezwa Urusi, Romelu aliandika mwenyewe habari za utoto wake, na kochi hilo halimo. Alikuwa na umri wa miaka sita alipomkuta mama yake jikoni akichanganya maziwa na maji ili yatoshe hadi mwisho wa juma. Mkate walikopa. Umeme ulikatwa kwa majuma kadhaa. Mpira wa televisheni ulikuwa wa kulipia, nao hawakuwa na cha kulipa, hivyo mwaka 2002 shuleni wenzake walipozungumza juu ya goli la Zidane katika fainali ya mabingwa wa Ulaya, yeye, mtoto wa mchezaji, ilimbidi ajifanye ameliona.

Na kuna jambo moja katika maandishi yale ambalo sisi watatu tumelirudia mara nyingi kuliko mengine. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alifunga magoli 76 katika michezo 34, yote akiwa amevaa viatu vya baba yake. Miguu yao ilikuwa imelingana, wakawa wanagawana jozi moja. Umati wa Zaire ulikuwa na Lukaku wa jezi ya taifa. Mtoto alikuwa na Lukaku mwingine, baba ambaye kazi yake ilikuwa imefika ukingoni, asiye na gari la kumpeleka mwanawe mchezoni, mwenye jozi moja ya viatu na aliyekubali kuigawa. Hatudhani Romelu alimjua baba yake kwa mikanda ya video. Alimjua kwa kipimo cha kiatu.

Jina lenyewe, huko alikozaliwa, halikumkinga. Mzazi wa timu pinzani alitaka kumzuia asiingie uwanjani, akadai kitambulisho chake na kuuliza anatoka wapi, kwa sababu mtoto alikuwa mkubwa wa mwili na mweusi. Baba hakuwapo. Kijana alikitoa kitambulisho begani mwake, kikapita mikononi mwa wazazi wote, wakasoma kwamba amezaliwa Antwerp. Tazameni jinsi lile swali la Goma linavyogeuka. Kwetu, “mtoto wa nani” huulizwa ili upatiwe mahali. Kule liliulizwa ili anyimwe. Baadaye akawa mfungaji bora wa timu ya taifa ya Ubelgiji katika historia yake yote, na bado aliandika kwamba mambo yakienda vizuri magazeti humwita mshambuliaji wa Ubelgiji, yakienda vibaya wanakumbuka kwamba asili yake ni Kongo.

Nguvu yake ilitoka wapi? Yeye mwenyewe haitaji jezi ya baba. Anataja simu ya babu yake mzaa mama, aliyekuwa Kongo, aliyemwomba amtunze binti yake, yaani mama yake Romelu. Babu alifariki siku chache baadaye. Tarehe 24 Mei 2009, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, kijana aliingia uwanjani na Anderlecht dhidi ya Standard Liège kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa. Anasema alitamani simu moja tu, ya kumwambia babu kwamba binti yake yuko salama. Alikuwa mjukuu aliyetimiza ahadi kabla ya kuwa mtoto wa nyota.

Kaka yetu mkubwa hakubahatika hivyo. Timu moja ilimchukua akiwa na umri wa miaka kumi na saba kwa sababu ya jina, ikamweka upande wa kushoto kwa sababu ya jina, ingawa hutumia mguu wa kulia. Katika michezo minne mashabiki walimwita kwa jina la baba, na katika wa tano wakaanza kucheka. Hakuchezeshwa tena. Leo anafundisha hisabati, nasi hatutaongeza neno hapo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesoma ukurasa huu na kuomba tuishie hapa.

Labda mtasema shida ya Lukaku ilikuwa umaskini, na kwamba mtoto wa nyota tajiri hana la kulalamikia. Basi tumtazame mwana wa Dikembe Mutombo. Baba huyo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966, akasoma Boboto kwa Wajesuiti, kisha mwaka 1987 akafika chuo kikuu cha Georgetown, nacho ni cha Wajesuiti, akitaka kuwa daktari. Alihitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, akacheza mpira wa kikapu katika ligi ya Marekani hadi 2009, na mara nne akachaguliwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Kile kidole alichokitikisa kila alipomzuia mtu kufunga kinajulikana hata na watoto ambao hawajawahi kushika mpira wa kikapu. Mama yake alikuwa amefariki Kinshasa katika miaka ya machafuko bila kufikishwa hospitalini kwa wakati, na mwaka 2007 mwana alifungua hospitali yenye vitanda 300 katika mji huo huo, akaiita kwa jina lake, Biamba Marie Mutombo.

Ryan Mutombo alirithi kila kitu: jina, mwili mrefu, hata nafasi ya kucheza chini ya kikapu. Mwaka 2021 alijiunga na Georgetown, chuo kile kile. Kocha aliyemkuta hapo alikuwa Patrick Ewing, ambaye naye alichezea chuo hicho katika nafasi hiyo hiyo na akawa nyota. Kijana wa miaka kumi na tisa hivi akiingia uwanjani alibeba kivuli kutoka benchi na kingine kutoka kwa watazamaji. Hakuwa baba yake. Alicheza kwa dakika chache kuliko watu walivyotarajia, na baada ya miaka mitatu akahamia chuo cha Georgia Tech huko Atlanta. Kwa hesabu ya umati, habari yake ingeishia hapo: mtoto hakumfikia baba.

Lakini Dikembe aliugua saratani ya ubongo na kufariki tarehe 30 Septemba 2024, na siku ile Ryan aliandika maneno ya kumwaga. Hakutaja kuzuia mipira. Alisema baba yake ni shujaa wake, na akaeleza waziwazi kwamba sababu si mafanikio wala mamilioni ya watu waliompenda. Sababu ni kwamba alijali watu. Akakiri kwamba utotoni alimwona kama kiumbe kinachopita ubinadamu, na kwamba hakuwa hivyo, alikuwa mtu wa kawaida aliyewapenda wengine kwa nguvu zake zote. Sisi tulisoma maneno hayo pamoja, na dada yetu akasema, “Huyu amemrudisha baba yake nyumbani.” Ndipo tulipopata kichwa cha ukurasa huu.

Dada yetu ana haki ya kusema, kwa maana swali la Goma humpita. Mabinti wa mchezaji hawaulizwi kama watarithi mguu wa baba. Hakuna aliyemtarajia lolote, na yeye husema kwamba huo ulikuwa uhuru na tusi kwa wakati mmoja. Anapenda kutaja habari ya Laila Ali. Baba yake Laila, Muhammad Ali, ndiye aliyepigana na George Foreman mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, usiku ambao wazee wetu bado wanausimulia kana kwamba walikuwa wote ulingoni. Laila alizaliwa miaka mitatu baadaye. Alikuwa na biashara ya kupamba kucha kabla ya kuanza ngumi za kulipwa mwaka 1999, na baba hakufurahia mwanzoni. Akashinda mapambano yake yote 24.

Ila tarehe 8 Juni 2001 alipangiwa kupigana na Jacqui Frazier-Lyde, binti wa Joe Frazier. Baba zao walikuwa wamepigana mara tatu, na pambano la mabinti likauzwa kwa watu kama la nne. Fikirini jambo hilo. Wanawake wawili, mmoja wao akiwa mwanasheria mwenye watoto, wanapanda ulingoni, na maelfu ya watu wanalipa ili kuwaona wanaume wawili wazee ambao hawamo ulingoni. Laila alishinda kwa pointi baada ya raundi nane. Jacqui alirudi katika sheria, na baadaye akawa hakimu Philadelphia. Hatuwezi kusema ni nani kati yao aliyepata zaidi, lakini dada yetu humpenda hakimu.

Kuna mwingine ambaye hatajwi sana, nasi tunamthamini kuliko wote. Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 1500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na mbio za kuruka viunzi na maji huko Munich mwaka 1972. Yeye na mkewe walilea watoto yatima wengi nyumbani kwao Eldoret. Mwanawe Martin alikuwa mkimbiaji hodari, bingwa wa mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1994. Lakini katika mbio kubwa za Ulaya alijulikana zaidi kwa kazi ya kuweka kasi: anakimbia mbele, anavunja upepo, anawavuta wenzake kwa mizunguko kadhaa, kisha anatoka kando kabla ya mwisho na mwingine anashinda. Mtu anaweza kusema ni anguko kwa mtoto wa bingwa. Sisi tunauliza: katika nyumba yenye yatima wengi, mtoto hujifunza nini kila siku mezani? Hujifunza kwamba baba anakimbia ili wengine wale. Uwanja wa Mexico haukuliona hilo. Martin aliliona.

Basi nasi tulianza, tukiwa watu wazima tayari, kumwuliza baba habari ambazo umati haukuwa nazo. Tulijua magoli; hatukujua kwamba alikuwa akitapika kabla ya kila mchezo. Hatukujua kwamba aliacha mpira si kwa sababu ya goti, kama mji unavyoamini, bali kwa sababu mama alikuwa mgonjwa na mtu alitakiwa kulala hospitalini. Hatukujua kwamba jina lile la utani halikumpendeza kamwe. Viatu vyake vya mwisho viliteketea pamoja na nyumba mwezi Januari 2002, Nyiragongo ilipomwaga lava katikati ya mji. Tulipomwonea huruma kwa ajili ya viatu, alisema kilichomuuma ni cherehani ya mama.

Mdogo wetu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ana kibanda Majengo, hutengeneza milango na madirisha, na alikwisha kusikia mara nyingi kwamba damu imepotea. Zamani alikasirika. Siku hizi hujibu kwamba baba alikuwa akipitisha mpira, yeye hutengeneza kitu cha kuzuia watu wasipite, na wateja hucheka.

Yapo mambo ambayo bado hatukubaliani. Kaka yetu mkubwa anaona heri jina la utani lisahaulike kabisa na wajukuu wasilijue. Dada anaona wajukuu walijue, ila wasimuliwe na babu mwenyewe, pamoja na beki aliyegongwa na mpira. Mdogo wetu hana msimamo. Ana mtoto wa miaka minane ambaye hutumia mguu wa kushoto, na jambo hilo limeanza kusemwa mtaani.

Baba amezeeka. Kila Jumamosi kwa miaka mingi amekuwa akienda Mabanga kukaa na aliyekuwa golikipa wa timu yao, ambaye macho yake yamepofuka. Huketi kibarazani wakirudia michezo ya zamani, baba akieleza na mwenzake akibishana naye juu ya dakika. Tangu magoti yalipomshinda, mdogo wetu huenda badala yake, na chupa ya chai na mkate. Mara ya kwanza aliogopa, maana hakuwa na michezo ya kusimulia. Alisema hivyo alipoketi. Mzee akamjibu kwamba michezo yote anaijua tayari, akanyosha mkono kuushika mlango wake wa mbao uliooza chini, akamwuliza mlango wa chuma unagharimu kiasi gani.